Kabla umnyang'anye simu: mwongozo kwa mwenye kijana ako na depresheni, bipolar ama wasiwasi na hatoki kwa skrini

Likizo ikifika tu, swali kwa kikundi chetu cha familia za wagonjwa hapa Nakuru huwa ni lile lile, nimnyang'anye simu ama nimwache nayo? Shule za bweni simu haziruhusiwi, kwa hivyo mtoto amekaa muhula mzima bila, anarudi nyumbani na dawa zake kwa begi, anashika simu Ijumaa jioni na Jumatatu bado ako kitandani na pazia zimefungwa. Wale wamemaliza fomu foo wanangoja kolej ndio kabisa, hao hawana hata kengele ya kuwaamsha.

Jibu langu ni usinyang'anye, na pia usimwache nayo hivyo hivyo. Kwanza jua hiyo simu inamfanyia kazi gani. Kwa kijana mgonjwa simu huwa imeajiriwa, kuna kitu inafanya, na ukiifuta kazi kabla hujajua ni kazi gani basi utaijua siku hiyo kazi itakosa mtu. Kijana mzima akikesha na TikTok atasinzia darasani na mwalimu amchape maneno, yaishe. Mwenye bipolar, ule ugonjwa wa hisia kupanda sana na kushuka sana, akikesha usiku tatu mfululizo anaweza kulazwa. Ndio maana ile shauri ya "masaa mawili kwa siku basi" haitufikishi mbali sisi.

Hii ni ya mzazi, dada, kaka, shosho, yeyote anaishi na huyo kijana, na pia ni yako wewe kijana mwenyewe kama ndio unaisoma saa nane usiku (ruka uende hatua ya tatu alafu ulale, hizo zingine zitakungoja).

Na kitu kimoja kabla tuanze, hili neno uraibu. Shirika la Afya Duniani limeweka ugonjwa wa gemu kwa orodha yake ya magonjwa, ile ya ICD-11 ilianza kutumika Januari 2022, na wanachoangalia si masaa, ni mtu kushindwa kujizuia, gemu kupita kila kitu kingine kwa maisha yake, na kuendelea hata akiona inamharibia, na hiyo hali ikae kama miezi 12 hivi. Uraibu wa TikTok ama Instagram haujawekwa kwa hiyo orodha. Kijana wako ashapewa jina moja la ugonjwa, usimuongezee la pili kwa hasira ya jioni moja.

Hatua ya kwanza: wiki moja ya kuangalia, hakuna kugusa

Usifanye kwa siri. Hii nairudia kila mara juu watu huona ni kitu ndogo. Kijana anayesikia sauti ama anayeamini watu wanamfuatilia, siku atagundua umemfungulia simu akiwa amelala, umempa ushahidi. Hata yule wa depresheni ya kawaida tu ataanza kuficha. Mwambie wazi, wiki hii hatubadilishi kitu, tunaandika tu, na akikubali aandike yeye mwenyewe.

Chukua daftari ya kawaida ya mtoto wa shule. Kila akishika simu kwa muda mrefu andika vitu nne: ni saa ngapi, kabla ya hapo nini kilikuwa kinaendelea, alifungua apu gani, na baada alikuwa anajiskia aje. Masaa yenyewe simu inahesabu, kwa Android ingia setingi utafute Digital Wellbeing, kwa iPhone ni Screen Time, utaona apu gani imekula nini na simu imefunguliwa mara ngapi. Chukua hiyo nambari lakini usiiabudu.

Ukurasa wa msichana mmoja wa Kondele ulikaa hivi:

Jumanne, saa kumi na moja jioni. Kabla: binamu ametumiwa pongezi za matokeo kwa grupu ya familia. Apu: Instagram. Baada: nimejiona bure, nimelia kidogo.

Jumanne, saa tatu usiku. Kabla: mum na dad wanaongelea rent kwa sauti. Apu: ile gemu ya peremende, na earphone. Baada: poa, sikuskia kitu.

Jumatano, saa nane usiku. Kabla: usingizi umekataa. Apu: TikTok. Baada: kumbe ni saa kumi na moja. Dawa ya asubuhi sijameza.

Alhamisi, saa kumi jioni. Kabla: hakuna. Apu: WhatsApp na beshte wa praimari. Baada: nimecheka sana.

Sasa ona. Simu ni moja, siku tatu, lakini hapo kuna vitu nne tofauti kabisa. Ya Alhamisi ni dawa, usiiguse. Ya Jumanne usiku inamkinga na kelele, na kama kuna mtu wa kubadilika hapo ni hao wawili wanaongea rent. Ya Jumanne jioni inaweza kupunguzwa kwa kunyamazisha grupu moja tu. Ya Jumatano ndio adui, na ndiyo tutaanza nayo. Mamake alikuwa amepanga kuchukua simu kila siku saa kumi jioni, yaani angemnyima ile ya kicheko na kumwachia ya saa nane.

Hatua ya pili: linganisha daftari na ugonjwa wenyewe

Hapa usikimbie. Masaa sita ya depresheni si masaa sita ya mania, yaani ile kupanda sana kwa bipolar.

Depresheni: mwili ni mzito, kuoga ni kazi, na simu ndio kitu pekee mtu anaweza kufanya akiwa amelala. Mara nyingi kuskroli ni dalili, haikuanzisha ugonjwa, lakini ikikaa inaurefusha juu mchana unaisha bila jua, bila kutembea, bila mtu. Angalia kama anaongea na watu ama anatazama tu maisha ya wengine yakipita. Kuna wenye kutazama huko kunawaumiza na kuna wenye hawajali, ndio maana nasema daftari yako ina maana kuliko kichwa cha habari chochote.

Wasiwasi: hapa simu ni ya kukwepa. Anatuma mesej badala ya kupiga, anajifanya anasoma kitu akiwa kwa matatu ndio asisalimiwe, dukani hataki kuenda. Lakini kuna wengine, hasa vijana wa gemu za mtandaoni, ile kuongea na wenzao kwa maiki wakicheza ndio mahali pekee duniani wanafungua mdomo. Huyo ukimtoa kwa gemu hujamponya, umemnyamazisha.

Kuna wale wa kugugo dalili. Moyo umedunda, anaingia kutafuta, anapata nafuu ya dakika tano, anarudi tena kuhakikisha. Wenye OCD, ule ugonjwa wa kurudia na kuhakikisha kitu bila kuweza kuacha, wanaijua sana hii. Kumwambia "wacha kugugo" haisaidii. Mpe karatasi, swali liandikwe, lipelekwe kwa dokta siku ya kliniki, na kila siku likichelewa kuulizwa kwa gugo hata na nusu saa hiyo ni ushindi.

Bipolar: usiangalie wingi, angalia mabadiliko. Mtu alikuwa anaposti mara moja kwa wiki sasa ni kila saa, anaenda laivu usiku wa manane, ameanzisha grupu tatu za biashara, anatumia watu pesa, na analala masaa matatu na hachoki. Hapo shida si simu tena, simu imekuonyesha tu. Piga simu kliniki siku hiyo hiyo, usingoje tarehe ya kadi.

Saikosisi, yaani mtu anasikia sauti ama anaamini vitu ambavyo haviko: wengine huona video zinawaongelesha wao binafsi, ati huyo mtu wa TikTok anajua nilichofikiria. Na ukweli ni kwamba hizo apu hukuletea vitu kulingana na ulichotazama, kwa hivyo akitazama video moja ya njama ataletewa ishirini na ataona ndio ushahidi. Usibishane, usicheke. Muulize ni zipi, msaidie kubonyeza ile ya "sitaki hii", na umwambie dokta kwa maneno yake mwenyewe vile ameyasema.

ADHD, yaani mtu kushindwa kutulia na kuzingatia kitu: gemu inalipa papo hapo na hesabu ya darasani inalipa Novemba, sasa wewe ungechagua gani. Kwa huyu usitegemee nia yake. Anahitaji kitu cha nje, kengele ya sauti, mtu wa kuingia rumu. Na usiseme "zima saa hii!", gemu ya mtandaoni haisimami katikati, ukimzimisha anaangusha timu yake na vita itaanzia hapo. Sema "hii mechi ikiisha", alafu simama hapo mlangoni iishe.

Na wale walioona mambo mabaya. Vijana wengi huku bado wana video za maandamano ya Juni 2024 kwa simu, na kwa sisi wa kaunti ya Nakuru kuna zile za mafuriko ya Mai Mahiu, Aprili 2024. Mtu mwenye kumbukumbu za kumsumbua hafai kuletewa hizo bila kuitisha. WhatsApp ina mahali pa kuzima picha na video zisijidaunlodi, iko kwa setingi upande wa data, ifanye leo.

Hatua ya tatu: okoa usiku kwanza

Kama utafanya kitu kimoja tu kwa hii orodha yote fanya hii, na mchana umwache apumue. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji masaa 8 hadi 10 ya usingizi. Kwa mgonjwa kukosa usingizi si uchovu tu, depresheni inakua nzito, wasiwasi unapanda, na kwa bipolar usingizi uliokatika unaweza wenyewe kuamsha mania.

Watu hupenda kulaumu mwanga wa simu. Mwanga upo lakini kitu kubwa ni mbili: masaa ya kulala yameliwa, na kichwa kimewashwa. Ukiweka skrini rangi ya chungwa alafu ubishane na watu kuhusu mpira mpaka saa saba hujalala bado.

Sasa kuna hii ya dawa ambayo haiongelewi. Dawa nyingi za usiku, olanzapine, quetiapine, amitriptyline, huleta usingizi. Kijana anameza saa tatu, usingizi unakuja saa nne, yeye anapigana nao akiwa na simu mpaka unapita. Ama anajua dawa itamzimisha kwa hivyo anaingoja, anaimeza saa saba usiku ndio aendelee kuskroli, asubuhi anaamka kama mtu amepigwa, hawezi kuenda shule, na nyumba nzima inasema ni dawa mbaya. Dawa haina shida, shida ni saa. Kwa hivyo dawa na simu zifuatane, saa tatu simu inawekwa, dawa inamezwa, basi.

Simu inawekwa wapi? Nje ya chumba cha kulala. Weka chaja ya extension moja jikoni, kwa shelfu karibu na kopo ya sukari, na simu ZOTE za nyumba zilale hapo. Za wazazi pia. Baba akibaki na yake kitandani akiangalia siasa hadi usiku wa manane hii hatua imekufa, hakuna kijana mjinga hivyo. "Lakini ndio alaamu yangu" hilo litasemwa, kwa hivyo nunua saa ya mezani ama tafuta simu ndogo ya zamani, mulika mwizi, iwe alaamu. Kama mnaishi singo rumu na kila mtu analala hapo, weka ndani ya kabati ya vyombo, kelele ya sahani inatosha kuwa polisi.

Angalia bando pia. Zile bando za usiku za bei ya chini ndio zinafanya mtoto akeshe, na yeye anaona ameokoa pesa. Ni afadhali umuongezee pesa kidogo anunue ya mchana, nimeona hiyo ikishinda mahubiri.

Na usitoke saa tisa usiku uende saa tatu kwa siku moja. Vuta nusu saa ama kile mtakubaliana, kaa siku kadhaa, vuta tena. Yule hawezi kulala kwa kimya mpe sauti bila skrini, redio ndogo kwa sauti ya chini, mahubiri, Injili, mpira wa kurudiwa, chochote hakimuliki. Hapa wazazi wengine hukataa ati anafaa kulala kimya kama watu. Anafaa kulala, hiyo ingine ni mapambo.

Hatua ya nne: ongea, lakini si wakati ameishika

Chagua saa ya kawaida, mkichambua sukuma, mkitembea kuenda duka. Anza na ulichoona wala si unachodhani. Mama mmoja wa Kaptembwo alifanya hivi na kijana wake wa miaka 17:

"Kuja hapa baba. Sijakuja kuchukua simu."

"Sawa mum."

"Jana nimeona taa saa tisa. Hiyo saa ilikuwa inakusaidia na nini?"

Kimya. "Nikizima naanza kufikiria."

"Kufikiria?"

"Vitu. Vile nililazwa. Vile wasee wa shule wanasema."

"Ni mbaya saa hiyo kuliko mchana?"

"Mchana kuna watu."

"Aya. Basi hatuzimi ghafla. Nikikuachia ile redio ya shosho na mlango wangu usifungwe, tunaweza jaribu saa saba?"

"Saa saba na nusu."

"Saba na nusu."

Ameshinda saa moja na nusu, na zaidi ya hiyo amejua kuna wasee wa shule wanasema vitu. Kama angeanza na "wewe hii simu itakuua" angepata mlango umebamizwa. Na saba na nusu si ya kudumu, wiki ijayo wanavuta tena.

Hatua ya tano: setingi

Hizi ni za haraka na zisichukue nafasi ya hatua ya nne. Weka kikomo cha apu kwa Digital Wellbeing, na ile hali ya kulala inayofanya skrini iwe kijivu usiku, TikTok ikiwa haina rangi inachosha haraka. Zima notifikesheni zote isipokuwa za watu halisi. YouTube na Facebook zima ile ya video ijayo kujicheza. TikTok inaweza kuanzisha upya video inazokuletea, tafuta upande wa mapendeleo ya maudhui, inasaidia sana kwa mtu ambaye imejaa huzuni na vitu vya kujiumiza ama vya kukonda. TikTok pia huwekea walio chini ya miaka 18 kikomo cha dakika 60 tangu 2023, lakini kama mtoto alidanganya umri akifungua akaunti basi yeye kwao ni mzee. Kwa mdogo kuna Family Link ya Google, apu ya mzazi kusimamia simu ya mtoto. Kwa wa miaka 20 usimwekee, mpe yeye aweke mwenyewe na nambari ya siri ashike dada yake.

Hatua ya sita: jaza pengo

Ukitoa masaa mawili lazima masaa mawili yaende mahali, la sivyo atahamia kwa PlayStation pale kwa kona, kule hata hujui analipa na nini. Na usianze na kubwa. Mwenye depresheni ukimwambia aende gym umemwambia apande Mlima Elgon. Anza na kutoka nje mlangoni dakika kumi asubuhi, jua limpige, kupeleka maziwa kwa jirani. Baadaye Nyayo Gardens na kurudi, ama wa Kisumu ateremke Dunga aangalie boti zikiingia, wa Kakamega azunguke Bukhungu wakati timu zinafanya mazoezi, si lazima aongee na mtu. Panga siku na saa, usingoje ajiskie kutoka, juu huyo mtu kujiskia kunakuja baada ya kutoka wala si kabla.

Kazi ya mikono inafanya vizuri kuliko mazoezi kwa wengi nimeona, kusuka, kuku, kukaa kwa fundi wa simu hata. Ndio, fundi wa simu. Mikono ikishika sodaring hauwezi skroli.

Hatua ya saba: angalia pesa

Kubeti pia ni skrini, na kwa kijana mwenye ugonjwa ndio hatari kuliko TikTok yote. Gemu za ndege kupaa, za raundi moja kwa sekunde chache, zimetengenezwa zisikupe nafasi ya kufikiria, na mtu wa mania anajiona ana bahati ya Mungu. Uliza juu ya Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, na mikopo mingine ya simu bila kupiga kelele. Fuliza mtu anaweza kujitoa. Kampuni za kubeti zenye leseni huwa na sehemu ya kujifungia akaunti mwenyewe. Na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kabisa, kwa hivyo kama anabeti kuna laini ya mtu mzima inatumika, mara nyingi ni yako.

Kitu ambacho wengi hawajui: kuna dawa moja, aripiprazole, ambayo mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kwamba kwa watu wachache inaweza kuleta hamu isiyozuilika ya kucheza kamari, kula, kununua vitu ama ngono, na kwamba hamu hiyo iliisha dawa ilipopunguzwa ama kusimamishwa. Kama kijana wako alianza kubeti kama mwendawazimu baada ya kuanzishwa hiyo, mwambie dokta. USIIKATE mwenyewe. Dokta ndiye ataamua kama ni kupunguza ama kubadilisha.

Hatua ya nane: peleka daftari kliniki

Madokta wengi hawaulizi juu ya simu, dakika ni chache na foleni ni ndefu. Usingoje uulizwe. Ukifika meza sema sentensi tatu: analala saa ngapi na kuamka saa ngapi, simu inachukua nini (shule, chakula, dawa, pesa), na nini kimebadilika tangu kliniki iliyopita. Toa daftari. Nakuru ni hospitali ya rufaa ya kaunti, ile wengi bado tunaita PGH, na kuna Gilgil, Kisumu ni Jaramogi yaani Russia, Kakamega ni kaunti jenero, na wa juu huko waende hospitali ya rufaa ya Moi (MTRH) Eldoret. SHA, bima ya afya ya serikali, iwe imesajiliwa kabla ya siku yenyewe, NHIF iliisha Oktoba 2024 na bado kuna watu hufika na ile kadi.

Uliza pia kama kuna kaunsela ama mwanasaikolojia hapo hapo. Ukiambiwa hakuna uliza wapi wanatuma watu, wataandika.

Usifuate hatua zozote hapa kama:

ameandika ama kusema anataka kufa, ametafuta njia za kujiua, ameaga watu kwa stetasi, ameanza kugawa vitu vyake. Kati ya watu wa miaka 15 hadi 29 kujiua ni sababu ya tatu ya vifo duniani, kwa hivyo usiseme anatafuta atenshen. Muulize wazi, "unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumwekei wazo kichwani. Usimwache peke yake, fungia dawa zote za nyumba na za shamba, za kunyunyizia na za ng'ombe, na mwende hospitali usiku huo huo. Usimnyang'anye simu saa hiyo, labda ndiyo inamuunganisha na yule mtu mmoja bado anaongea naye. Laini ya Msalaba Mwekundu ni 1199, ya watoto ni 116, zote hazilipishwi. Na kama unaogopa polisi, Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kile kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa kinaenda kinyume na katiba. Mpeleke.

Pia kama hajalala usiku mbili tatu na hachoki, ama anaongea na simu iliyozimwa, ama kuna mtu anamtisha na picha zake za uchi. Hiyo ya picha vijana huificha mpaka inaua. Asilipe, asifute mesej, abloku baada ya kuweka ushahidi, na mtu mzima aende naye kuripoti.

Akirudi nyuma

Atarudi. Wiki ya mitihani, mtu akifa kwa familia, dawa ikibadilishwa, ama Desemba tu na wageni wamejaa nyumba na kila mtoto ako na simu. Usirudie hatua zote nane, rudi ya tatu peke yake, simu jikoni saa tatu na dawa, siku saba, mchana afanye anachotaka. Usingizi ukikaa sawa ndio mfungue daftari tena. Na shule ikifunguliwa, kabla apande gari, chukua zile dakika ishirini uandikie nesi wa shule dawa zake na saa za kumeza, juu kule hakuna simu lakini kuna prepu mpaka usiku, na hiyo dawa ya saa tatu itamkuta bado ako kwa dawati.